Tuliishia Kwenye Linta

Ukitaka kufika kwangu utaambiwa, ukifika kwenye boma ukate kulia. Si boma la ng'ombe. Ni kuta za zahanati tulizozijenga wenyewe, huku kwetu upande wa Suguti, zikafika kwenye linta na kuishia hapo. Milango haina fremu, madirisha ni matundu, na paa hakuna. Katika chumba ambacho ramani inasema ni cha kujifungulia umeota mpapai, na umeshazaa mara mbili. Nauchukia mpapai ule, na bado sijapata ujasiri wa kuukata.

Asiyetoka sehemu hizi huenda akadhani tulikuwa wavivu. Hatukuwa wavivu. Kila Jumamosi tulikwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanaume wakisomba mawe, sisi wanawake tukibeba mchanga na maji ya kukorogea zege kutoka ziwani, na aliyekosa bila sababu alitozwa kuku. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, wakanipa ukatibu wa kamati ya ujenzi kwa sababu nina mwandiko mzuri na mdomo mkali. Nilivitumia vyote viwili.

Utaratibu unajulikana mkoa mzima. Wananchi hupandisha kuta kwa nguvu zao hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kisha huandika barua halmashauri. Kuanzia hapo ni kazi ya serikali: kupaua, kuezeka, kupiga plasta, kuleta muuguzi. Ndivyo tulivyoambiwa, na kuna vijiji tuliona wakifanyiwa hivyo kweli.

Kuna jambo jingine ambalo hatukuambiwa na mtu, tulilijua kwa kuumia. Kijiji jirani walichoka kusubiri nyumba ya mwalimu, wakaiezeka wenyewe kwa mabati ya kuungaunga, yenye matundu ya misumari ya zamani. Mwaka huohuo ukaja mgao wa mabati mapya. Wageni wakashuka kwenye gari, wakaitazama ile nyumba, wakasema hawa wameshamaliza, hongereni sana, wakaondoka na mgao wao kwenda kwa waliokuwa bado kwenye linta. Nilikuwepo. Nilimwona mwenyekiti wao akipigiwa makofi huku machozi yakimlengalenga. Siku ile niliweka moyoni kwamba anayetaka kusaidiwa asijionyeshe kuwa amemaliza. Nimewafundisha watoto wa watu mambo mengi kwa miaka mingi, lakini hakuna somo nililolishika mimi mwenyewe kwa nguvu kama hilo.

Mkwe wangu alikuja kwetu kutoka Kibara, binti wa wavuvi, mwepesi wa mikono na mpole kupita kiasi. Ameolewa na mwanangu wa mwisho na tulikuwa tukiishi ua mmoja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa barabarani, juu ya kanga yangu, kabla bodaboda haijafika hata nusu ya njia ya kituo cha afya. Mtoto hakulia. Tangu siku hiyo sikuiona tena zahanati kama kazi ya kijiji, niliiona kama deni langu kwa yule binti. Aliposhika mimba ya pili, kiangazi cha mwaka juzi, nilianza kuhesabu kwa vidole miezi iliyobaki hadi mvua, maana mvua ikianza mto unakata njia na hata hiyo bodaboda haipiti.

Ndipo wakaja vijana wa mradi, wamevaa fulana zinazofanana. Walituita mkutano na kusema kuna shindano la ujenzi la jamii. Kila kijiji kitapeleka watu watatu Bunda. Hapo watapewa mfuko mmoja wa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto vinavyoshikana, watapewa saa moja, na watatakiwa kujenga kitu ambacho kijiji chao kinakihitaji kuliko vyote. Kijiji kitakachoshinda kitaletewa vifaa vya ukweli vya kujengea kitu hicho. Mwenyekiti wetu alicheka hadi akakohoa. Mzee mmoja aliuliza kama watu wazima wenye wajukuu wanatakiwa pia wabebe chupa za maziwa.

Mimi sikucheka. Nilisimama nikasema kwamba kama mabati yanapatikana kwa kuruka kamba, nitaruka kamba. Wakanikabidhi kazi yote, kama walivyozoea kumkabidhi anayesema.

Niliwachagua wawili wa kwenda nao. Wa kwanza alikuwa fundi aliyepandisha zile kuta, mzee mwenye vidole vilivyokomaa kwa saruji, ambaye hajawahi kukubali kwamba ukuta wowote wa mwingine umenyooka. Wa pili alikuwa mkwe wangu. Niliwaambia watu nimemchukua kwa sababu ya wepesi wa vidole vyake. Ukweli ni kwamba nilitaka waamuzi waone tumbo. Hilo nalikiri, na sioni haya sana, maana kwa miaka nilikuwa nimepeleka barua na barua hazina tumbo.

Ukumbi wa Bunda ulijaa. Walikuwepo watu wa Musoma, wa Bunda na wa Butiama, kila kijiji na meza yake, kila meza na mfuko mdogo unaoonyesha vilivyomo ndani. Niliona wakulima wa pamba, watu wa makamo, wakivigeuzageuza vile vitofali kwenye viganja na kuvinusa. Fundi wetu alikuwa amekuja na timazi yake ya kupimia wima wa ukuta mfukoni, akaitoa. Alipoona ukubwa wa vitofali aliirudisha taratibu, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi kucheka siku ile.

Tulijenga vizuri. Hilo sitamruhusu mtu aniondolee. Fundi alikataa kabisa kupandanisha viungo, kila kozi, yaani kila mstari wa vitofali, ilikaa juu ya nyingine kwa kukatana kama inavyotakiwa, na pembe zake zilikuwa za kuonewa wivu. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akibandika, kwa sababu vidole vya fundi viliangusha kila alichoshika. Mimi nilikuwa na ramani kichwani. Chumba cha daktari hapa, dawa pale, mapokezi, halafu kile chumba cha nyuma chenye dirisha la kuangalia ziwani. Mkwe alipofika kwenye chumba hicho alipunguza kasi. Alikipima kwa kidole, akakiongeza upana kwa kitofali kimoja, na wala sikumwuliza kwa nini.

Kuta zilipofika juu ya madirisha, fundi alizungusha kozi moja nyembamba ya kijivu kuwa linta. Ilikuwa imebaki robo saa nzima. Mezani vilibaki vitofali vyekundu vilivyokatwa mshazari, rundo dogo, na hata mtoto angejua ni vya paa. Mkwe alivisogeza karibu.

"Na hizi nyekundu, mama, nianzie upande gani?"

"Rudisha kwenye mfuko," nilimwambia. "Sisi tunaishiaga kwenye linta."

Alinitazama. Si mtu wa kubishana nami, na kwa mila zetu mkwe hambishii mama mkwe mbele za watu. Lakini mkono wake ulibaki juu ya vile vyekundu muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nilimweleza kwa sauti ya chini yale ya kijiji jirani, mabati ya kuungaunga na makofi. Nikamwambia tukionyesha paa watasema hawa wanayo tayari, au watasema wanajiweza. Tukionyesha pengo, wataliona pengo. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alisema mwalimu amenena, nguvu zetu zimeishia hapo na uongo hatutaki. Basi mkwe akavirudisha kimoja kimoja, na robo saa ile tukaimaliza tumekunja mikono, tukiwaangalia wengine wanavyohangaika. Niliwaonea huruma.

Mwamuzi aliyekuja kwenye meza yetu alikuwa kijana mpole mwenye karatasi kwenye ubao. Aliinama akatazama kwa juu, ndani ya vyumba.

"Mama, mmeishiwa muda?"

Nilimwambia hatujaishiwa. Nilimweleza boma, linta, halmashauri, barua, na sehemu ya wananchi na sehemu ya wafadhili. Nilimwonyesha mkwe wangu bila kumnyooshea kidole. Kwenye meza ya jirani watu wa upande wa Bunda walikuwa wakiitikia, maana wao pia wana boma lao, na mmoja alisema pole pole kwamba sisi ndio tumesema kweli. Yule kijana alisikiliza vizuri. Nadhani hata alielewa. Kisha alitazama karatasi yake, ambayo ilikuwa na vijisanduku, na kimoja kilisomeka ukamilifu. Niliisoma ikiwa kichwa chini kwa upande wangu, ni ujuzi wa mwalimu. Aliandika kitu kifupi sana hapo.

Walioshinda walitoka kijiji kimoja cha upande wa Butiama. Walijenga kioski cha maji, kidogo, kuta zake za ovyo hata fundi akageuza uso. Lakini kilikuwa na paa, na juu ya paa walibandika ua la plastiki. Walipotangazwa walirukaruka kama watoto, na sisi tulipiga makofi pamoja na ukumbi mzima. Tulipokuwa tunaondoka kijana mwingine wa mradi alitukabidhi vitofali vyetu katika mfuko, akasema ni zawadi ya watoto nyumbani. Mkwe wangu alivipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

 Njiani fundi alisema mara moja tu kwamba kioski kile kingejengwa kweli kingeanguka. Nyumbani niliwaambia watu kwamba shindano lilikuwa na upendeleo. Watu waliridhika, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamesema tangu mwanzo. Mkwe alivihifadhi vitofali katika beseni la nguo za mtoto, chini ya vile vishati viwili alivyokuwa ameletewa na mama yake.

Niliandika barua nyingine tatu. Nilifikiria kumpeleka mkwe akakae Kamunyonge, pale Musoma, kuna dada yangu wa ukoo amepanga huko, karibu na hospitali, angoje siku zake mjini. Dada alikubali. Tulipanga aondoke mwanzoni mwa mwezi. Lakini siku zake hazikungoja mwezi.

Uchungu ulimwanza Alhamisi asubuhi, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri. Mwanangu alitafuta bodaboda, tukampakia katikati, mimi nikafuata kwa nyingine. Pale mtoni maji yalikuwa yamepita juu ya daraja, mekundu kwa udongo, na magogo yanakwenda nayo. Tulimkalisha chini ya turubai la mtu anayeuzaga mafuta ya chupa. Tulikaa hapo tukingoja maji yapungue. Tulikaa asubuhi yote na adhuhuri. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa ananishika mkono, akiuachia, akiushika, na kila aliponishika nilitazama maji badala ya kumtazama yeye.

Tulivuka alasiri, wanaume wanne wakimbeba mabegani. Kituoni walimpokea haraka, hakuna aliyetudharau, siwezi kumlaumu mtu. Muuguzi alitoka baadaye akasema mtoto alikuwa ameshachoka, amechoka tangu mchana. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mzito, amekamilika, ana nywele nyingi. Nilimfunika mimi.

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu mara nyingi. Najua kwamba hata kama tungeshinda, mabati yasingefika kabla ya mvua ile. Najua kwamba hata yangefika, muuguzi asingefika. Kuna vijiji vina zahanati yenye paa zuri, na ndani wanalala popo. Nina akili timamu na nimeyapanga hayo yote kwa mstari, kama nilivyokuwa nikipanga sababu ubaoni. Hayanisaidii. Ninachokiona ni mkono wake juu ya vile vyekundu.

Kuna jambo moja lingeweza kunipa nafuu. Nilikuwa nalitumaini kwa siri, na si tumaini la kujivunia. Nilitumaini mradi ule ulikuwa wa uongo. Tumeshadanganywa na wengi, wanaopiga picha wakaondoka, na kama hawa nao walikuwa hivyo, basi kuishia kwetu kwenye linta hakukubadilisha kitu. Miezi michache baada ya kumzika mtoto nilialikwa arusi ya ndugu upande wa Butiama, na nilikwenda nikijua kabisa kwamba siendi arusi. Siku ya pili niliomba nipelekwe kwenye kijiji kile.

Kioski kilikuwepo. Kilikuwa cha matofali ya kuchoma, kimepigwa plasta, kimeezekwa kwa bati la rangi nyekundu. Kilikuwa na bomba mbili, na moja ilikuwa inadondosha maji kwa sababu mtu hakuifunga vizuri. Mama mmoja aliyekuwa anajaza ndoo alinisalimia kwa adabu, akaniuliza natafuta nani. Nikamwuliza nani amewajengea. Alisema ni wale vijana wa vitofali, wamekuja na lori, wamefanya walivyoahidi kila kitu, ni watu wa kweli. Alisema kwa furaha. Niliifunga ile bomba inayodondosha, nikamshukuru, nikarudi kwenye pikipiki. Laiti wangetudanganya, huenda ningepona.

Nilifika nyumbani Jumapili baada ya ibada. Mwanangu alikuwa ameanza kufungasha. Walikuwa wameshaamua kuhamia Kibara, kwa wazazi wa mke, mwanangu atafute nafasi kwenye mtumbwi wa kuvulia. Huko njia ya kwenda Bunda haikatwi na mto.  Nimebaki mimi na kuku, na boma, na watu wanaokata kulia.

Mkwe alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka, lile beseni la nguo liko wazi mbele yake. Vile vishati viwili alikuwa amevikunja pembeni. Nilidhani nitamkuta analia, nikawa nimeandaa maneno. Hakuwa analia. Juu ya kigoda alikuwa ameijenga tena ile zahanati yetu, chumba kwa chumba, kama nilivyoielekeza mimi na kama fundi alivyoikatanisha, na kile chumba cha nyuma chenye dirisha la ziwani kikiwa na upana wake ule ule wa kuongezwa. Linta ya kijivu ilikuwa mahali pake. Na juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, ilikuwa nyekundu yote.

Nilisimama mlangoni. Hakuniangalia kwa hasira, hiyo ningeipokea. Aliniangalia kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

"Nimeezeka, mama," alisema. "Zilitosha. Na mbili zimebaki."

Alifungua kiganja akanionyesha vile viwili. Kisha aliviweka mkononi mwangu, akaanza kupanga vishati kwenye begi.